Samaki wa birika la bibi

Wiki yangu ya pili Glasgow, kwenye semina, mwalimu alitutolea ramani ya jinsi ugonjwa mmoja ulivyoenea Bahari ya Hindi. Mishale ilianzia kwenye nukta moja, ikashuka Mombasa, ikaenda Ngazija na Réunion, ikavuka mpaka Bara Hindi. Nukta ile ilikuwa Lamu. Wenzangu wakaandika "Lamu, 2004" wakaendelea na yao. Mimi kalamu ilinigoma. Mwaka huo nilikuwa na miaka tisa, na namkumbuka ami yangu akishuka ngazi kwa makalio, kidato kimoja kimoja, magoti yamekataa.

Wakati ule tulisema ni malaria. Kwetu kila homa ni malaria mpaka ikatae dawa. Kumbe ilikuwa chikungunya, homa ya virusi vinavyoenezwa na mbu, jina la Kimakonde lililobaki tangu mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanzania, lenye maana ya kujikunja. Watafiti walipokuja kupima damu baadaye walikuta kadiri ya robo tatu ya watu wa mji wameupata. Vichochoro vyetu havipiti gari. Mgonjwa hubebwa na punda au mgongo wa mtu, na miezi ile migongo yenyewe ilikuwa imepinda.

Sasa niko mwaka wa tatu wa uzamivu, na kazi yangu kubwa ni kulisha seli. Zinaitwa Vero, asili yake ni figo la tumbili, zilianza kukuzwa Japani mwaka 1962, na zina deko kuliko mtoto wa mwisho. Unazipa virusi, unangoja, siku ya tatu unamwaga rangi ya zambarau na kuosha. Penye virusi panabaki vitundu vyeupe, mithili ya kanga iliyoliwa na mende. Unavihesabu. Kesho unaanza upya.

Nikiulizwa huku wametuzidi nini, sitasema akili. Huku ukiagiza kimeng'enya leo, kesho kutwa kiko mezani ndani ya barafu kavu. Kabla sijaondoka nilifanya kazi kwenye maabara moja ya pwani. Kifurushi chetu kilikwama kwenye karatasi za forodha mpaka barafu ikaisha, tukafungua kisanduku na kukuta vichupa vya maji vuguvugu, thamani yake mshahara wangu wa miezi minne. Hasara ya pesa husahaulika. Lakini mtu akipatwa hivyo mara tatu, huanza kujiuliza maswali madogo, yale yasiyohitaji kimeng'enya. Nimewaona wenye vichwa vizuri kuliko changu wakipunguza maswali yao hivyo mwaka hadi mwaka, na wala hawakujua kuwa wanayapunguza.

Kuhusu pesa niseme kwa ufupi, maana nyumbani wanadhani inaokotwa. Posho inayotolewa na baraza la utafiti la serikali ya Uingereza kwa mwanafunzi wa uzamivu ilikuwa pauni 19,237 kwa mwaka wa 2024/25. Ada ya afya kwa mwenye viza ya mwanafunzi ni pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na hulipwa yote kwa mkupuo, kabla hujapanda ndege. Ukishatoa kodi ya chumba, hesabu iliyobaki ni ya mchele na vocha.

La upweke ni refu zaidi. Jirani yangu wa meza nilikuja kujua kuwa ana mtoto baada ya mwaka mzima na nusu. Lamu, mgeni akikaa barazani kwa kikombe kimoja cha kahawa, tumeshajua mpaka ukoo wa mamake. Na msimamizi wangu anataka nimwite kwa jina lake tupu, mtu wa umri wa baba! Mpaka leo naandika "Profesa", nafuta, natuma nikiona haya.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema sayansi haiko kwetu. Kilifi kuna kituo cha utafiti tangu 1989, na watoto wa Kilifi walikuwemo kwenye majaribio ya chanjo zote mbili za malaria, RTS,S na R21. Rafiki yangu alibaki huko kusoma uzamivu wake. Huzunguka nyumba kwa nyumba na madaftari, na akisema "mgonjwa" anamwona mtu. Wenzangu huku watakusomea kwa ghibu kuwa virusi vilipofika Réunion, kijenzi kimoja cha protini yake kilibadilika, alanini ya nafasi ya 226 ikawa valini, na mbu Aedes albopictus akaanza kuvibeba vizuri. Hilo ni jambo kubwa, na mimi kwetu nisingelifikia. Ila hawajamwona ami. Ndiyo maana vijana wanaoniandikia nawaambia wafanye kazi nyumbani mwaka mmoja au miwili kwanza, wapate swali linalowanyima usingizi, ndipo waombe viza. Wengi hukasirika.

Swali langu mimi lilikuwa maji. Mwaka 2004 kulikuwa na ukame, watu wakahifadhi maji muda mrefu bila kuyabadilisha, na mbu Aedes aegypti hapendi mahali pengine kama maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba. Nikiwa naandika sura ya kwanza nikakumbuka birika la bibi, tangi la kuhifadhia maji, la chokaa, lenye bakuli la kauri chini yake. Ndani mliogelea visamaki. Bibi akisema ni vya kula viluwiluwi vya mbu. Sisi tulivitia makombo ya mkate tukapigwa.

Nikampigia mama nikamuuliza vilikuwa samaki gani.

"Hata siyui. Twaliviita samaki wa birika tu."

Birika lenyewe limezibwa zamani, juu yake kuna madramu mawili ya plastiki. Nikamwambia ayafunike vizuri, na kila wiki ayamwage na kuyasugua ndani, maana mayai hung'ang'ania ukutani.

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, na hilo ndilo ulilokwenda kusomea?"

Nikamwambia ndilo, pamoja na kuhesabu vitundu.