Shayiri imebeba historia kuliko wafalme

Yohana 6:9, kuna mtoto ana mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, wengi tunaijua hiyo tangu sande skuli. Sasa mstari huohuo upo kwa Kigothi, lugha iliyokufa ya ukoo mmoja na Kiingereza na Kijerumani, ilitafsiriwa na askofu Wulfila karne ya 4 na nakala ya karne ya 6, wino wa fedha kwenye ngozi ya zambarau, iko Uppsala, Sweden mpaka leo. Hiyo mikate inaitwa "hlaibans barizeinans". Hapo kwenye bariz- ndo kuna shayiri, na kwangu mimi kaneno haka kana historia kubwa kuliko vita vingi vya wafalme tulivyokaririshwa shuleni.

Waingereza wa kale shayiri waliiita bere, ndugu wa hiyo bariz-. Nyumba kwao ilikuwa ærn, ukiunganisha unapata nyumba ya shayiri, na ndo hilo likafupishwa weee mpaka likawa barn, ghala. Kule visiwa vya Orkney, Scotland, bado wanalima shayiri ya kizamani na jina ni lilelile, bere.

Wanaisimu wengi wanaliunganisha neno hili na far ya Kilatini, iliyozaa farina, unga, na pia wanaliunganisha na brašno, unga wa Waserbia. Ila far ya Warumi ilikuwa ngano ya kale yenye maganda magumu, shayiri wao waliiita hordeum, ambayo nayo wengi wanaihesabu ndugu ya Gerste ya Wajerumani. Kwa hiyo mtu akikuambia neno ni moja basi na nafaka ilikuwa moja, mkatalie kabisa. Jina linahamia kwenye kile watu wanachokula, angalia corn tu, Marekani ni mahindi, Scotland ni oti, na kwa Wajerumani Korn mara nyingi ni rai, ile ya mkate mweusi.

Na kuna wanaosema bere na far zilitoka kwa wakulima waliokuwepo Ulaya kabla lugha hizi, ambazo ukoo wake mkubwa umeenea mpaka India na Iran, hazijafika. Mi nawaunga mkono, maana neno halina ndugu wa uhakika India wala Iran, limebaki Ulaya tu, na wageni walioleta lugha hizi walikuja na mifugo wakakuta mashamba ya watu yameshalimwa kwa maelfu ya miaka, wangeacha vipi kuchukua na majina ya mazao?