Mteja wa status na mteja wa kweli, mabishano yangu na mjomba

Juzi nilienda Mikindani kwa mjomba wangu, anauza ng'onda, samaki wa kukausha, pale miaka mingi, tukabishana mpaka chai ikapoa. Yeye anasema hawa watu wa kwenye simu sio wateja ni watazamaji, na kwamba biashara ni kuonana. Mi nauza korosho zilizobanguliwa hapa Mtwara mjini na oda nyingi napata WhatsApp na Instagram, kwahiyo nilimkatalia palepale. Ila nimerudi nyumbani maneno yake yakanikaa kichwani, na kadiri ninavyoyawaza naona kuna pahala kakosea kabisa na kuna pahala amenishika.

Alipokosea ni umbali. Kutoka hapa mpaka Dar ni kama kilomita 560, na wakubwa wanakumbuka kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 mlikuwa mnasubiri kivuko pale Rufiji, na masika barabara ikikatika mnalala njiani. Mtu wa kusini ilikuwa lazima amsubiri mnunuzi aje, na aliyekuja ndo anapanga bei maana anajua huna pa kwenda. Leo mama yuko Chikongola na simu yake ya kawaida tu anaongea na mtu wa Mwanza ambae hajawahi hata kuvuka Rufiji, mzigo wa Dar unapanda basi la alfajiri na jioni mtu anaupokea Mbagala. Hicho kitu mjomba hakipi uzito kwasababu wateja wake wanamfuata kwa miguu.

Afu kuna suala la kuonyesha kazi. Nimeposti picha nyingi za pakiti, zina lebo nzuri na kila kitu, watu wanapita tu. Siku moja nikampiga video mama mmoja tunaebangua nae, mikono kaipaka majivu mpaka kwenye viganja maana yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, anaweka korosho juu ya jiwe, anagonga mara moja ganda linafunguka, anaitoa nzima haijavunjika, anachukua nyingine. Hamna muziki, unasikia tu ko, ko, ko. Ile video ndo ilileta oda kuliko vyote, na kitu nilichokiona ni kwamba maswali ya "mbona bei kubwa" yakapungua sana. Watu walikuwa hawajui kwamba korosho nzima nyeupe ile imepita mkononi mwa mtu moja moja. (Nao wapo wanaokuja inboksi kutaka ghafi za bei ya chee, hao nawajibu mapema, ghafi huku tangu msimu wa 2007/08 zinapita stakabadhi ghalani na mnadani, mi kangomba, yani kununua ghafi kwa wakulima kimyakimya nje ya mnada, sifanyi.)

Sasa pale aliponishika. Kwenye simu yangu nina broadikasti ya wateja, Idi iliyopita niliwatumia wote meseji moja, salamu za sikukuu na chini yake bei. Dada mmoja wa Dar, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa ameniambia wiki mbili nyuma kwamba amefiwa na mumewe. Akanijibu, "Nilikupa taarifa ya msiba, wewe umenitumia bei." Niliishika simu sijui niandike nini. Nikampigia, tukaongea, alinisamehe, lakini nilielewa mjomba anasema nini, kwasababu yeye mteja akifiwa anafunga meza anaenda kuzika. Na hili silioni kwangu tu, grupu letu la watu wa kusini wanaoishi Dar lilianza kwa ajili ya kuchangiana misiba na kuulizana hali za nyumbani, saivi tangazo la msiba linawekwa na dakika mbili chini yake kuna vitenge na mafuta ya nywele, na wazee wameanza kutoka mmojammoja.

Ila hapa kuna kitu naona watu wengi hawakitofautishi. Instagram unaongea na usiemjua, inaleta macho. Status ya WhatsApp haionwi na mtu mpaka wewe umesevu namba yake na yeye amesevu yako, yani mmeshafahamiana kidogo kabla hujaposti chochote. Ukiitumia status kama bango la barabarani, posti ishirini kwa siku bei bei bei, mtu anakumyuti na hakwambii, unabaki unajiuliza mbona watazamaji wanapungua. Mi saivi naweka mbili tatu, moja ya biashara, nyingine mikorosho ikianza kutoa maua au bahari ya Shangani asubuhi, na zile zisizouza chochote ndo watu wanazijibu.

Uaminifu nao ni tatizo la pande zote. Kuna akaunti ilichukua picha zangu, mtu akatuma hela na mzigo hakupata, akaja kunitukana mimi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015 lakini kwa elfu ishirini nani ataacha shughuli zake aanze kufuatilia? Kwahiyo mteja mpya namwambia aanze na robo kilo, napima kwenye mizani tukiwa tunaonana kwa video, namtumia picha ya mzigo na namba ya basi. Inachosha, lakini akishapokea mara mbili hatuongelei tena mambo ya kuaminiana.

Na kingine, Facebook, Instagram na WhatsApp ni za mwenye mmoja. Tarehe 4 Oktoba 2021 zilizima zote kwa pamoja karibu masaa sita. Mei 2024 ndo ilikuwa mbaya kwetu, kimbunga Hidaya kilikata barabara huko Lindi, siku chache mbele nyaya za baharini zikakatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Mjomba siku hizo aliuza kama kawaida.

Ana daftari lile la mistari, kila mteja jina, mtaa, na pembeni kaandika vitu kama "mtoto yuko Nachingwea anasoma" au "hapendi papa". Nimeanza la kwangu. Yule dada wa Dar ndo ukurasa wa kwanza, na eda yake ikiisha nitampigia kabla sijamtumia bei yoyote.