Nusu Kichwa kwa Nyota Mbili

Mtu mzima akiingia saluni anataka mambo matatu tu: kiti kisichoyumba, mashine yenye chaji na kinyozi mkimya. Kiti tumeshazoea kukiegemeza ukutani. Chaji nayo, umeme wenyewe mnaujua. Lakini kinyozi kugeuka mhakiki wa muziki, hilo jamani hatukuagana.

Na kosa lilikuwa langu. Spika ilikuwa inaimba Kiingereza, nikauliza, "Huyu nani tena?" Mashine ikazimwa papo hapo, imemaliza upande wa kulia tu.

"Shikamoo mzee wangu," akaanza upya, kana kwamba nimeingia sasa hivi. "Huyo Taylor Swift. Albamu inaitwa The Life of a Showgirl, ilitoka Ijumaa tarehe 3 Oktoba 2025. Nyimbo 12, dakika kama 42. Huku kwetu ilishuka saa moja asubuhi, maana New York ndiyo ilikuwa saa sita usiku."

Marahaba, nikasema, haya endelea. Ila mdomo hauna kufuli, nikaongeza kwa adabu tu: "Ni nzuri?"

"Inategemea unamsoma nani. The Guardian la Uingereza limeipa nyota 2 kati ya 5. Rolling Stone la Marekani limeipa zote 5."

Albamu hiyohiyo? Hiyohiyo. Dakika zilezile 42? Zilezile. Yaani sufuria moja, mpishi mmoja, huyu anasukuma sahani, mwenzake anaramba vidole. Mimi nikipika wali hivyo nyumbani naitiwa kikao.

"Na Pitchfork, tovuti ya muziki, wamempa 5.9 kati ya 10," akaendelea. Hiyo pointi tisa ndiyo iliyonikera. Nyota naelewa, lakini mtu anakaa na sikio lake mwenyewe, anapima wimbo, anakuta 6 ni nyingi mno, anapunguza moja ya kumi! Hata muuza dagaa hapimi hivyo.

Kijana akanielimisha. Kuna tovuti inaitwa Metacritic, inakusanya hizo alama zote na kuzigeuza ziwe kati ya 0 na 100. Nyota 2 za Guardian zinakuwa 40, nyota 5 zinakuwa 100. Halafu wanatafuta wastani, na vyombo vingine vinapewa uzito kuliko vingine. Chukua hao wawili tu, ugawanye sawa: 70. Alama ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeitoa! Mmoja kasema chakula kimeungua, mwingine kasema hajawahi kula kitamu hivi, wewe unaandikiwa kwamba kimeiva wastani.

Waliomnyima nyota wana hoja lakini. Alirudi kwa Max Martin na Shellback, mafundi wa Sweden waliomtengenezea vibao vikubwa vya albamu yake iitwayo 1989, watu wakajiandaa kwa viitikio vya kung'ang'ania kichwani wiki nzima. Wengine hawakuvisikia, na mashairi wakayaona mepesi. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ametoa nyimbo 31 kwa mpigo, wakasema amepitiliza. Kapunguza zikawa 12, bado. Mwanamke wa watu afanyeje?

"Mzee, unajua mwaka 2024 gazeti la Paste lilimponda bila kuweka jina la mwandishi? Walieleza wenyewe: mwaka 2019 aliyeihakiki albamu ya Lover alitishiwa na wasomaji."

Nikaitazama mashine mkononi mwake. Nikasema albamu ni nzuri sana.

Akafurahi. Akaiwasha, ikanguruma sekunde mbili, akaizima tena. "Na mauzo je? Wiki ya kwanza Marekani, milioni 4.002! Ameipita albamu ya Adele ya 2015, iitwayo 25, iliyokuwa na milioni 3.482."

Watu milioni nne? "Hapana, mzee, si watu. Ni uniti." Karibu milioni 3.48 zilinunuliwa hasa, sidii, santuri na za kupakua, kwa matoleo zaidi ya 30. Shabiki mmoja ananunua nne, anahesabiwa mara nne, kama marehemu kwenye daftari la wapiga kura. Zilizobaki zinatokana na kusikiliza mtandaoni: kwa hesabu ya mwaka 2025, usikilizaji 1,250 wa kulipia ulikuwa albamu moja. Asiyelipia, 3,750.

Sasa mimi ni wa bure, wa matangazo katikati. Tukapiga hesabu kwa kidole kwenye poda iliyomwagika. 3,750 gawanya kwa nyimbo 12, ni kuirudia albamu nzima mara 312 na nusu. Zidisha kwa dakika 42, unapata saa karibu 219. Siku tisa bila kulala, na wiki yao ya chati ni siku saba, Ijumaa hadi Alhamisi! Yaani nikeshe, nisile, nisiende msalani, na bado wiki inaisha sijatimia kuwa albamu moja.

"Si lazima umalize wimbo," akanituliza. "Spotify sekunde 30 zinatosha, unaruka. Saa 31 na robo tu."

Na bando? Kuisikiliza yote mara moja kwa ubora wa juu, kilobiti 320 kwa sekunde, ni megabaiti 100 na ushee. Ukishusha mpaka 96 inakula 30 hivi. Nikaanza kuzidisha megabaiti 30 kwa 312, nikaona giza. Kumbe si mimi, umeme umekatika.

Tukangoja. Betri ya mashine ilikwisha wakati wa Adele. Upande wa kulia unang'aa, wa kushoto msitu wa Pugu. Nikajifuta poda, nikauliza deni.

"Elfu tatu, mzee wangu."

Nikamwambia mwanangu, tumia hesabu zako. Kulia 100, kushoto 0, wastani 50. Nakupa elfu moja mia tano.

Akacheka mpaka akashika kiti. "Mzee, ile hesabu yenyewe inahesabu Marekani tu. Hata ukikesha siku tisa hapa, haumo."