Kamera ikimfundisha nesi kumwinua mgonjwa

Kumtoa mgonjwa wa kiharusi kitandani na kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu ni kazi fupi, lakini ina mahali pengi pa kukosea. Breki ya kiti haikufungwa. Goti dhaifu la mgonjwa halikukingwa. Nesi kainamia kiuno badala ya kukunja magoti. Mwanafunzi mwenyewe hayaoni makosa haya, macho yake yako kwa mgonjwa, na mkufunzi mwenye darasa kubwa hawezi kumsimamia kila mmoja.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo na wenzao walilishughulikia tatizo hili. Walichukua Kinect, kamera ya kupima umbali ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2010 kwa ajili ya michezo ya Xbox, wakaifanya ikague hatua za mwanafunzi moja baada ya nyingine na kumwambia ipi kaikosea. Wakatengeneza pia roboti inayojifanya mgonjwa. Nikiwafikiria wanafunzi wa uuguzi wa hapa Tanga wanaojiandaa kuingia wodini, natamani nao wapate nafasi hiyo ya kukosea na kurudia bila bega la mgonjwa kuteguka.

Hata hivyo, kufaulu kwenye mashine si kufaulu wodini, na ushahidi tunao hapa nchini. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wahudumu walifunzwa kwa siku moja kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kwa kutumia doli. Miezi kadhaa baadaye walikuwa hodari zaidi kwenye doli, ila huduma kwa watoto wenyewe haikubadilika. Mabadiliko yalikuja pale mazoezi yalipofanywa mafupi, ya mara kwa mara, palepale kazini: vifo ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Doli ni lilelile. Kilichobadilika ni utaratibu.

Linalonisumbua zaidi ni mgongo wa nesi. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha kumwinua mgonjwa kwa mikono kuwa takriban kilo 16, tena katika mazingira mazuri. Mtu mzima ana uzito gani? Tafiti zilizopitiwa kwa pamoja hazikuonyesha kwamba kufundisha namna ya kuinua, peke yake, kunazuia maumivu ya mgongo. Kamera inaweza kumpa binti alama zote, na bado akaumia kwa sababu kitanda hakishuki, miguu ya mgonjwa inaning'inia, na hatua aliyofundishwa haiwezekani.

Tena wodini kwetu kuna ndugu. Mwanafunzi lazima ajue kusema, "Shangazi, usimvute mkono, tushike kanga huku na huku, tunyanyue pamoja." Hilo, roboti haimfundishi.

Kwa hiyo chuo chenye fedha kidogo kianze na kitanda kinachopanda na kushuka, kiti chenye breki zinazoshika, na shuka ya kutelezeshea. Kisha simu: mmoja alale, wawili wamhamishe, wa nne arekodi, halafu wote waangalie video na orodha ya hatua mkononi, kila wiki, mkufunzi akipita kusahihisha. Video zifutwe siku hiyohiyo, na mgonjwa wa kweli asirekodiwe kamwe.