Kofia ya baba mkwe

Nianze kwa kukiri kwamba mama mkwe wangu namuogopa. Sio mkali, hapana, ni mama wa Pangani mtulivu kabisa, sauti ya chini, ushungi muda wote, ila ndo mila yenyewe bana, miaka kumi na moja tangu nimuoe binti yake sijawahi kula mbele yake nikashiba. Mbele yake hata neno "suruali" nalitafutia njia ya kuzunguka. Mkae na hilo kichwani maana ndo msingi wa kesi nzima.

Desemba shemeji yangu anayefanya kazi Muscat akatuita, akasema njooni na mama naye atoke kidogo. Tukajichanga, mimi, mke wangu, dogo wetu wa darasa la nne na mama mkwe mwenyewe ambaye alikuwa hajawahi kupanda ndege. Ya ndegeni sina la kusimulia, alisoma dua kuanzia Dar mpaka matairi yanagusa chini kule, masaa matano na ushee, na jirani yake wa siti akawa anaitikia amin.

Siku ya tatu shemeji yuko kazini, jioni tukasema hatuwezi kukaa ndani kama mizigo, twende wenyewe soko la Mutrah. Wanaolijua wanalijua, unaacha barabara ya baharini unaingia vichochoro vilivyoezekwa juu, kila duka linafukiza ubani, huku majambia, huku vyombo vya fedha, huku vitambaa, mama mkwe macho yanang'aa kama mtoto wa Idi. Alikuwa na agizo moja tu la baba mkwe aliyebaki Pangani: kofia. Ile ya kiua, yenye vitobo vimezungushiwa uzi, maana Oman wanavaa kama ya kwetu tu.

Kazi ya kuulizia nikapewa mimi kwa kuwa ndo mwanaume na eti najua Kiarabu. Kiarabu changu ni cha madrasa, naweza kukusomea Yasini ila siwezi kuomba maji ya kunywa. Nikaingia duka moja kuna kijana mchangamfu, nikagonga utosi wangu kwa kiganja halafu nikachora duara hewani.

"Aaaah!" akafurahi, meno yote nje. Halafu akalitamka.

Lile neno. Herufi nne kwa Kiswahili, inaanza na K inafuata U, iliyobaki malizia mwenyewe mi nina familia. Tena ile M ya katikati akaikaza vizuri kabisa, kama mtu anayetaka kuhakikisha umemsikia.

Nikahisi damu yote imehamia miguuni. Mama mkwe akavuta ushungi ukafunika uso yakabaki macho, halafu na macho nayo akayafumba. Mke wangu akanifinya kiunoni, mimi, utadhani ndo niliyetamka. Na dogo, kwa sauti ya kusomea risala, "Baba, huyu anko si katukana?"

Nikasema labda nimesikia vibaya, nikagonga utosi tena. Yule kijana akatingisha kichwa yes yes, akalirudia mara tatu mfululizo, halafu kwa Kiingereza cha dukani akaanza kuniuliza nataka kubwa au ndogo, akapanua viganja kunionyesha saizi. Akasema anazo nyingi. Akasema za mashine ni riali tatu tu, ila za kazi ya mkono ndo zenyewe, riali ishirini na tano, na riali moja ya Oman ni zaidi ya dola mbili na nusu kwa hiyo hapo mtu anakutukana na bei juu. Kisha akamgeukia mama mkwe kwa heshima zote, mkono kifuani, akamwambia "mama, good, very good."

Hapo nikawaka. "We kijana una adabu wewe? Huoni nimeongozana na mama mkwe?" Kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya watu. Yeye maskini akaelewa mgeni hajaridhika na mzigo. Na mgeni kule haachwi aondoke hajaridhika. Akatoka nje akamuuliza jirani wa ng'ambo kama anazo nzuri zaidi, jirani akamuuliza jirani yake, yule naye akapaza sauti mpaka kwenye kona, yaani ndani ya dakika moja kichochoro kizima kinaitana kwa lile neno, wazee wa heshima, ndevu nyeupe, kanzu imenyooka, wanalitamka bila hata kupepesa jicho, na wanakuja mbio mbio na mifuko mkononi wanatabasamu, kila mtu anataka kutusaidia. Sikuona wamebeba nini. Nilikuwa naangalia kandambili zangu, naomba ardhi ipasuke.

Ndo nikasikia sauti nyuma yangu, Kiswahili cha Unguja kile kilaini.

"Mwanangu, usihamaki. Hio kofia tu."

Nikageuka. Mzee kakaa kwenye kiti cha plastiki mlango wa duka la pili, kanzu nyeupe, bakora mapajani, anafuta machozi ya kucheka. Kumbe muda wote alikuwepo na kesi nzima kaisikiliza.

"Ndo jina lake huku," akasema, akavua ya kwake kichwani akanionyesha. "Sie tuliozaliwa Unguja tulipofika ilitutaabisha. Miye nimekuja mwaka 1964, mtoto wa miaka kumi na moja, siku ya mwanzo skuli mwalimu akaniuliza mbona sikuivaa, nikakimbia hadi nyumbani. Mama yangu mpaka anakufa hakulitia kinywani neno hilo. Alikuwa akisema, nipeni ile ya kichwani."

Mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika. Nikajua analia, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi ukoo mzima. Wapi! Mama anacheka. Anacheka mpaka ikabidi aletewe kigoda, na yule kijana muuzaji ambaye alikuwa haelewi kitu naye akacheka, akaletwa maji, ikaletwa kofia, mzee akaingilia bei kwa Kiarabu na ishirini na tano ikashuka mpaka kumi na nane. Dogo akapewa ya mashine bure.

Ningekomea hapo ingekuwa hadithi nzuri tu. Sasa mzee akauliza mmetokea wapi, aliposikia Pangani akasimama. Bibi yake mzaa mama alikuwa wa Pangani. "Basi leo mnakula kwangu."

Nikajibu kiswahili chetu kile, asante sana mzee, siku nyingine inshallah. Maana sisi mtu akisema karibu chakula unajibu asante nimeshiba, hata kama hujala tangu jana, na yeye anashukuru umekataa kwa sababu sufuria anaijua. Mzee akanitazama kama nimeongea Kichina. "Siku nyingine ndo leo," na simu iko sikioni anamwambia mkewe idadi yetu.

Kwake ni Seeb, mwendo wa gari kama dakika arobaini. Mlangoni tukavua viatu. Nilikuwa na soksi kwenye mfuko wa jaketi nikaona nizivae nionekane mtu, kumbe ya kulia ina dirisha, kidole gumba kikatoka chote kinasalimia wenyeji. Wanawake wakapitishwa ndani, mimi na dogo tukaingizwa majlisi, zulia ukuta hadi ukuta, mito pembeni, na wanaume kama tisa hivi, watoto wa mzee, wakwe, majirani walioambiwa kuna wageni. Kiswahili pale anajua mzee peke yake na mzee kaingia ndani kusimamia nyama.

Ikaja halua, ikaja tende, ikaja kahawa. Kijana mdogo kuliko wote kasimama, dele la kahawa mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, vile visivyo na mkono. Akanimiminia kidogo tu, theluthi ya kikombe, chungu, ina iliki, tamu sana kusema kweli. Nikanywa, nikamrudishia, nikasema shukran. Akamimina tena. Nikajua ni adabu ya pili, nikanywa. Akamimina. Nimelelewa kwamba ukiwa mgeni hukatai unachopewa, kwa hiyo nikanywa. Akamimina. Nikajaribu akili, nikanywa polepole, akasimama palepale kaniinamia ananisubiri, dele linamlemea. Nikakiweka kikombe chini, akainama akakiokota akakijaza. Nikashika tumbo kuonyesha limejaa, wakafurahi wote, wakaona mgeni anasifia.

Kikombe cha nane hivi ndo nikagundua jambo baya zaidi. Vikombe vilikuwa vitatu. Wanaume tisa. Vinazunguka, mtu anamaliza anapewa mwingine, na kimoja nimekikalia mimi, upande wangu wote wa majlisi unasubiri zamu na hakuna anayekunja uso, wananitazama kwa upole kama mtu anavyomtazama ngamia aliyetoka jangwani. Nikaharakisha kunywa ili niwaachie. Kadiri ninavyoharakisha ndivyo kijana anavyoharakisha kumimina. Dogo kanisogelea, mdomo umejaa halua, "Baba, utakunywa mpaka lini?" Swali zuri sana.

Cha kumi na nne. Nakumbuka kwa sababu moyo ulikuwa unapiga kama ngoma ya sindimba, masikio yanavuma, na mkono ukaanza kutetemeka wenyewe. Nikanyoosha kikombe kumrudishia, kinacheza kulia kushoto, kulia kushoto, siwezi hata kukituliza. Yule kijana akatabasamu, akakichukua, akampa mtu wa pili.

Hakumimina.

Nikabaki nimenyoosha mkono mtupu. Mzee akarudi, akaambiwa kwa Kiarabu, akageuka kwangu taratibu. "Mwanangu, umekunywa kumi na nne? Si unakitikisa tu!" Ndo alama yenyewe. Umetosheka unatikisa kikombe, basi. Hukutikisa unaongezwa, watakuongeza mpaka Idi. Kitu ambacho mama mkwe, upande wa pili wa ukuta, alikijua kikombe cha kwanza kwa sababu mke wa mzee alimwambia.

Chakula kilikuwa sinia la wali na mbuzi, kubwa ungeweza kumuogeshea mtoto. Sikukitendea haki. Tumbo limejaa kahawa, mikono inatetemeka wali unamwagika, na kila ukimwagika mwenyeji mmoja anadhani nimekosa nyama laini ananisogezea nyingine. Usiku kwa shemeji sikufumba jicho. Niliwasikia watu wa ghorofa ya juu wakilala, nikawasikia wakiamka. Adhana ya alfajiri ilinikuta nimekaa nahesabu vigae.

Asubuhi mama mkwe akatoka chumbani, kalala vizuri, kang'aa. Akaketi meza niliyokaa mimi. Akachukua chupa ya chai, akanijazia kikombe, akakisogeza, na kwa ile sauti yake ya chini: "Nikuongeze baba, au watikisa?" Mke wangu akapaliwa na chapati. Miaka kumi na moja, ndo mara ya kwanza mama mkwe kunitania.

Tumerudi, kofia imefika, baba mkwe kaipenda sana, Ijumaa kaivaa msikitini wazee wakamzunguka. Jioni akanipigia simu ya video kushukuru, kofia kichwani, anaigeuza upande huu na huu niione.

"Mkwe wangu, wazee hapa wananiuliza, eti huko kwao hii wanaiitaje?"

Nyuma yake namuona mama mkwe kauvuta ushungi mpaka puani, mabega yanatikisika.

"Baba, mtandao unakatakata," nikamwambia. "Sikusikii kabisa."