Urahisi wa nyumbani ulikuwa wa nani?

Watanzania tukikutana huku Ufini, iwe ubarikio, iwe msiba, sahani ya pili ya pilau haijaisha mtu ameshaanza: "Nyumbani maisha rahisi bwana, huku tunajitesa tu." Wenzake wanaitikia, kila mmoja na ushahidi wake. Mimi huwa nauliza, rahisi kwa nani? Hapo ndipo mazungumzo yanapoharibika, na mke wangu ananikanyaga mguu chini ya meza.

Sisi ni wa Mwanza, Buzuruga. Mke wangu alitangulia Tampere kusoma, mimi na watoto tukafuata. Mji huu na wetu ni miji marafiki tangu 1988, na nimekutana na wazee hapa wanaoitaja Mwanza kwa jina wakati hata Dodoma hawaijui. Upo katikati ya maziwa mawili, Näsijärvi na Pyhäjärvi, kwa hiyo kwa mtu wa kwetu unakaa vizuri machoni, mpaka maziwa yenyewe yagande na watu waanze kutembea juu yake wakivuta watoto kwenye sleji.

Sasa huo urahisi. Asubuhi ya kwetu Buzuruga ilikuwa hivi. Saa kumi na moja binti wa kazi, aliyetokea Ukerewe, yuko macho. Kama maji yametoka usiku, anajaza madumu na pipa. Kama ni siku ya mgao, anamsubiri kijana wa mkokoteni. Uji jikoni, sare zimenyooshwa, viatu vimefutwa vumbi. Saa kumi na mbili na nusu bodaboda anapiga honi getini na kupakia watoto wote wawili, mmoja mbele kwenye tangi, mmoja nyuma, na sisi tunapunga mkono kana kwamba tumewapandisha ndege. Baadaye anapita mama wa samaki na beseni kichwani, sato wa Mwaloni Kirumba. Unachagua, anakaa kwenye ngazi, anakutolea magamba na matumbo, anaosha, anaondoka. Mimi nikitoka kuoga nakuta chai mezani. Ungeniuliza siku zile ningekujibu kwamba familia yangu inajiendesha.

Iliendeshwa na watu ambao ukijumlisha walichokuwa wanapata kwetu kwa mwezi, wote pamoja, hakifiki nusu ya mshahara wangu, na mimi mwenyewe nilikuwa nalalamika kwamba mshahara hautoshi.

Asubuhi ya Tampere haina mtu mwingine. Desemba jua linachomoza saa nne kasoro hivi na saa tisa alasiri limeshazama, kwa hiyo mnaamka gizani, mnaondoka gizani, mnarudi gizani. Nyuzi kumi chini ya sifuri. Kumvisha mtoto wa miaka minne ni kazi yenye utaratibu wake: nguo za ndani za sufu, suruali, sweta, soksi jozi mbili, ovaroli nene la theluji, kofia inayoziba masikio, kitambaa cha shingo, glavu. Glavu lazima ziingie chini ya mikono ya ovaroli, la sivyo theluji inapenya, na mwalimu atakueleza hivyo kwa upole jioni. Kila kipande kina jina lake, hadi soksi, maana chekechea ovaroli zote ni kama za ndugu mmoja. Ukishafunga zipu ya mwisho, mtoto anakwambia anataka kukojoa.

Kufua ni kwenye chumba cha chini cha jengo. Unajiandikia zamu, na zamu ikikupita imekupita. Nywele za watoto nanyoa mimi, na mwanzoni walikwenda shule na vichwa vya kutia huruma. Kubadilisha matairi ya gari baridi ikikaribia, kufunga kabati, kuzibua sinki, yote haya ni yako, kwa sababu mkono wa mtu huku una bei. Mfanya usafi analipwa zaidi ya yuro 10 kwa saa, na ukimpata kupitia kampuni unalipa zaidi ya mara mbili ya hapo. Ni ghali kiasi kwamba serikali hukupunguzia kodi ukimwajiri mtu wa kukusafishia nyumba, ili usimlipe kichochoroni. Na bado wengi hawamwiti. Meneja wangu kazini, mwenye shahada zake na nyumba ya kando ya ziwa, Jumamosi anadeki choo chake mwenyewe, na anakisimulia kama anavyosimulia mpira.

Mama yangu alinikuta siku moja kwenye simu ya video naanika nguo za watoto. Akanyamaza kidogo.

"Baba, mkeo yuko wapi?"

"Yuko kazini, mama."

"Sasa atarudi saa ngapi aanike?"

Nilimwambia zitakuwa zimekauka. Akacheka mpaka simu ikamwanguka. Lakini tangu siku hiyo akipiga, anamsalimia kwanza mkwewe na kumpa pole ya kazi, jambo ambalo kwetu hakulifanya hata mara moja ingawa mke wangu alikuwa anafanya kazi vilevile.

Nisieleweke kwamba Ulaya kila mtu na lwake. Msaada upo mwingi, ila unapita kwenye kodi. Ada ya chekechea ya manispaa inapangwa kwa kipato, na wenye kipato kidogo hawalipi kitu. Shuleni mtoto anakula chakula cha mchana bure, na sheria hiyo inatumika tangu 1948, miaka ambayo nchi hii ilikuwa imetoka vitani na bado inalipa fidia kwa Umoja wa Kisovyeti. Tangu 2022 kila mzazi ana siku 160 za kazi za malipo ya kulea mtoto mchanga, baba sawa na mama. Mtu akiniambia haya yanawezekana kwa sababu ni matajiri, namkumbusha huo mwaka wa 1948.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye pilau halisemwi kabisa. Mke wangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kazi yenyewe ni nini? Kumwamsha bibi wa watu, kumwogesha, kumpaka mafuta miguuni, kumvisha soksi zile za kubana, kumlisha uji, kumpa dawa, na kumsikiliza anapomwita mume wake aliyekwisha kufa. Ndiyo kazi ile ile anayoifanya binti anayekaa na mama yangu Mwanza. Ile ile, tofauti labda ni lugha na kwamba wa kwetu anapika pia na kufuga kuku. Mke wangu akifanya Jumapili, kwa sheria saa hizo analipwa maradufu. Usiku una nyongeza yake. Ana likizo ya malipo, ana chama cha wafanyakazi, na akiumwa anabaki kitandani na mshahara unaendelea.

Na kwetu sheria si kwamba haipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimbagui mfanyakazi wa nyumbani: saa zisizozidi 45 kwa wiki kabla ya kuanza kuhesabu za ziada, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya malipo ya siku 28 kwa mwaka. Kima cha chini kilichoanza Januari 2023 kiliweka Sh 60,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri. Hizo ni karibu sawa na kunyolewa nywele mara moja kwa kinyozi wa katikati ya Tampere. Na nani kati yetu anamjua binti wa kazi aliyewahi kuwa na siku ya kupumzika ya kweli, si ile ya kwenda kanisani na kurudi mbio kupika cha mchana?

Ndiyo maana nasema tunaposifia wepesi wa nyumbani, sehemu kubwa ya tunachokisifia ni usingizi wa mtu mwingine. Hili halinifanyi nione Ufini ni peponi. Huku pia kazi za kuamka alfajiri, za kufagia ofisi na kupeleka chakula kwa baiskeli kwenye theluji, utazikuta mikononi mwa watu wa rangi zetu na za jirani zetu. Ila hata wao wana mkataba wa kushika mkononi, na mwajiri anayejua kwamba anaweza kukaguliwa.

Sokoni Tampere wanauza samaki anayeitwa muikku, mwembamba, wa kidole. Anapitishwa kwenye unga mweusi wa nafaka yao, anakaangwa kwa siagi, analiwa mzima. Mke wangu alipomwonja alisema huyu ni dagaa aliyesomeshwa. Tunacheka, lakini angalia bei ya sahani moja, halafu fikiria Igombe au Kirumba, wale wanawake wanaoinama kuanika dagaa jua linapotoka, wanageuza, wanachambua, na wingu likiamua kushuka kutoka ziwani mzigo wa usiku mzima unaoza mbele ya macho yao. Samaki si bora kuliko wa kwetu, nawaapia. Kinachopandisha bei ni mkono uliomkaanga. (Kwa wanaoniuliza kila likizo: dagaa wakavu unaruhusiwa kuingia nao Ulaya kwa matumizi yako, samaki hadi kilo 20. Nyama na maziwa hapana, kwa hiyo ile samli ya bibi iacheni.)

Sasa kuna kitu ambacho kweli nimekikosa, na naona kinachanganywa na huo urahisi makusudi, kwa sababu kinapendeza zaidi kukitaja.

Usiku mmoja mke wangu yuko zamu, mdogo akashikwa na homa kali. Hapa unapiga 116117 kabla hujakimbilia hospitali, na muuguzi aliyepokea alinisikiliza vizuri, akaniuliza maswali yote ya maana, akaniambia mlete. Sawa. Na huyu mkubwa aliyelala? Nilisimama kwenye ngazi nikitazama ule ubao wa majengo ya huku unaoorodhesha majina ya ukoo ya wapangaji wote, ghorofa kwa ghorofa. Nilikuwa nimewasalimia wote. Hapakuwa na jina hata moja ambalo ningeweza kuligongea mlango saa nane usiku. Nikamwamsha mtoto, nikamvisha yale mavazi yote niliyoyaeleza, tukaenda watatu.

Buzuruga ningemgongea jirani wa ukuta mmoja. Angetoka amejifunga kanga, angemchukua mtoto bila hata kuuliza, na asubuhi angenigombeza kwa nini nimechelewa kumwita. Huyo simlipi, na nikijaribu kumlipa atanuna mwezi mzima, kwa sababu juzi mimi ndiye niliyempeleka mama yake hospitali ya Bugando. Hayo ndiyo mimi nayaita maisha ya nyumbani, na hayo hayajengwi kwa kodi, ingawa nimeanza kuyatafuta: mama mmoja wa ghorofa ya chini ameshapewa ufunguo wetu wa akiba, na mimi ndiye ninayemwondolea theluji kwenye gari. Ilichukua muda mrefu, maana Mfini hujamzoea mpaka akuzoee yeye. Lakini binti wa kazi hakuwa jirani. Alikuwa hana pa kurudisha wala pa kukataa. Kumtia kwenye hesabu moja na yule mama wa kanga, halafu kuita vyote "undugu wetu," kwangu ni kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kwa hiyo mimi na mke wangu tumeamua jambo dogo ambalo limeleta kelele kubwa. Binti anayemtunza mama Mwanza tumemwandikia mkataba. Mshahara unapita kwenye simu yake mwenyewe, si kwa mkono wa mtu. Jumapili si yake ya kazi, jioni mbili anakwenda kujifunza ushonaji, na anachangiwa hifadhi ya jamii. Kiasi chenyewe si cha kutisha. Ni chini ya kile tulichokuwa tunatuma kila mwezi kwa sherehe za watu tusiowajua.

Mama hakupinga, alitaka tu kujua Jumapili nani atampikia. Aliyepinga ni dada yangu mkubwa, anayekaa Nyegezi, ambaye naye ana binti wa kazi, na mabinti hao wawili wanajuana na wanapigiana simu. Alinitumia ujumbe wa sauti mrefu, salamu na baraka zote mwanzoni, halafu akafika penyewe: "Mdogo wangu, nyie huko mna hela zenu. Mtatuharibia soko. Wangu ameshaanza kuuliza habari za Jumapili."

Nimemjibu kwamba nitachangia nusu ya nyongeza kwa mwaka wa kwanza. Bado hajanijibu, ila mke wangu anasema amesikia kwa mama kwamba Jumapili iliyopita shemeji yangu alionekana Nyegezi akisonga ugali.