Kasisi Asiyesadiki Tena: Abaki Madhabahuni au Ashuke?

Mwaka 2010 mwanafalsafa Daniel Dennett na mtafiti Linda LaScola, wote wa Marekani, walichapisha mahojiano waliyofanya kwa siri na wachungaji watano wa Kiprotestanti ambao walikuwa bado wakihubiri ingawa hawakuyaamini tena waliyoyahubiri. Mwaka uliofuata ikaanzishwa jumuiya iitwayo The Clergy Project ili watu wa namna hiyo wapate pa kuzungumzia bila majina yao kufichuliwa. Wengine hawakujificha. Mwaka 2003 Thorkild Grosbøll, kasisi wa Taarbæk nchini Denmark, alitamka hadharani kwamba haamini Mungu aliyeumba ulimwengu; alisimamishwa, kisha akarudi kazini baada ya kuthibitisha upya kiapo chake. Huko Kanada, mchungaji Gretta Vosper, anayejitambulisha waziwazi kuwa hamwamini Mungu, alimaliza mvutano na kanisa lake mwaka 2018 kwa makubaliano yaliyomwacha mimbarini.

Msomaji wa Tororo au Arua, hapa Uganda, anaweza kuyapokea hayo kama habari za Wazungu waliochoshwa na makanisa yao. Mimi sioni hivyo. Katika sensa ya 2014 Wakatoliki walikuwa asilimia 39.3 ya watu wa Uganda na Waanglikana asilimia 32. Nchi inayohudumiwa na makasisi wengi kiasi hicho haiwezi kukosa ambao imani imewatoka wakiwa wamevaa joho. Tofauti ni kwamba hapa kwetu jambo hili hunong'onwa tu, na sababu za mnong'ono huo zinahusu riziki na ukoo kuliko zinavyohusu teolojia.

Kasisi wa kanisa la taifa la Denmark ni mtumishi wa umma. Mchungaji wa Kianglikana katika kijiji cha Uganda huishi katika nyumba ya parokia, hutegemea zaka na mazao ya waumini, na mara nyingi watoto wake husoma katika shule iliyoanzishwa na kanisa. Mkewe, ambaye kila mtu humwita Mama Mchungaji, hutazamiwa kuwa mstari wa mbele katika Umoja wa Akina Mama, na heshima yake yote kijijini inaning'inia kwenye kola ya mumewe. Padri wa Kikatoliki hana mke, lakini ana ukoo: siku ya misa yake ya kwanza kijijini kwao ng'ombe walichinjwa, wazee walihutubia, na mama yake tangu hapo huitwa mama wa padri. Miaka aliyoitumia katika seminari ya Katigondo au Ggaba akisoma falsafa na teolojia ilimwandaa kwa kazi moja. Kwa hiyo tunapouliza kwa nini mtu wa namna hii haondoki, tukumbuke kwamba kuondoka kwake si kubadilisha kazi tu, bali ni kuhama nyumba na jina, na pengine kuwavunjia heshima wazazi waliokwisha kuwa wakongwe.

Hata hivyo, hoja za kubaki si za tumbo tu. Iliyo na nguvu zaidi ilizaliwa katika bara letu hili. Baada ya mateso yaliyoanzishwa na mfalme Diocletian wa Roma mwaka 303, Wakristo wa Afrika Kaskazini waligawanyika: Wadonato walishikilia kwamba kiongozi aliyeyasalimisha Maandiko kwa watesi hawezi tena kutoa sakramenti halali, ilhali upande wa pili, ambao baadaye ulitetewa na Augustino wa Hippo, ulisema kwamba anayebatiza kwa kweli ni Kristo, wala si mkono wa mtu yule. Msimamo huo wa pili ndio ulioshinda. Waanglikana wanao katika kifungu cha 26 cha Vifungu 39, tamko la kale la mafundisho yao, kinachosema ubaya wa mhudumu hauondoi nguvu ya sakramenti, nao Wakatoliki hudai tu kwamba mhudumu akusudie kutenda kile ambacho Kanisa hutenda. Kwa hesabu hiyo, mtoto aliyebatizwa Masaka na padri asiyesadiki amebatizwa kweli, na bibi harusi wa Soroti hana haja ya kuogopa kwamba ndoa yake ni batili.

Fundisho hilo lilitungwa ili kumlinda muumini, lakini humfariji pia kasisi asiyeamini, ambaye anaweza kujiambia kwamba yeye ni bomba tu na maji yanapita. Anaweza hata kuongeza kwamba Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliandika kanuni ya imani kwa wingi, yaani "tunasadiki", na kwamba anapoisoma anasema kwa niaba ya jumuiya iliyomtangulia. Ni hoja ya werevu. Bahati mbaya kwake, misa ya Kiswahili inamtaka aseme "Nasadiki", kwa umoja, na siku ya upadrisho hakuulizwa Kanisa linaamini nini; aliulizwa yeye.

Pia ni lazima tutenganishe shaka na ukanaji. Baba wa kijana mgonjwa katika Injili ya Marko alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," wala hakufukuzwa. Barua za Mama Teresa zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha miaka mingi ya giza rohoni, naye aliendelea kuomba katika giza hilo. Kasisi anayesali bila kusikia kitu bado amesimama ndani ya nyumba, na yeyote anayemtaka aondoke anataka kanisa la watu ambao hawajawahi kukesha. Ninayemzungumzia hapa ni yule mwingine, aliyekwisha kufikia uamuzi kwamba kaburi la Yesu halikuwa tupu, na ambaye haombi tena ila mbele za watu.

Huyo nampima kwenye mazishi. Fikiria boma la Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, turubai limefungwa kwenye migomba, jeneza mezani, mjane ameketi kwenye mkeka. Ibada ni ya Kiswahili kwa sababu waombolezaji wametoka pande zote mbili za mpaka. Mchungaji anasoma, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Mjane hahitaji wakati huo uhalali wa sakramenti, anamwangalia mtu usoni, naye anaamini kwamba msomaji, aliyesoma vitabu vingi kuliko yeye, amelipima neno hilo na kuliona zito. Augustino hamwokoi mchungaji hapa. Mahubiri na faraja havitendi kazi vyenyewe kama maji ya ubatizo. Vinategemea ushahidi wa anayesema, na shahidi ambaye hakuona kitu hapaswi kusimama kizimbani.

Utetezi unaosikika zaidi ni kwamba kondoo watatawanyika mchungaji akiondoka. Historia ya Uganda inaukanusha. Wamisionari wa Afrika, Mapadri Weupe, walifika mwaka 1879, wakaondoka Buganda Novemba 1882 kwenda kusini mwa Ziwa Victoria, na hawakurudi hadi 1885. Katika muda huo walei, yaani waumini wasio makasisi, waliendelea kufundishana, na waongofu waliongezeka. Mei 1886, muda mfupi kabla ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, kutamka hukumu ya kifo, aliyewabatiza wakatekumeni kadhaa, yaani watu waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, kule Munyonyo ni Karoli Lwanga, mhudumu wa ikulu, si padri. Wale wafia dini tunaowakumbuka Namugongo kila tarehe 3 Juni hawakuhitaji kasisi wa kuwaaminia. Kasisi anayebaki akisema watu wake hawawezi bila yeye anajikweza kuliko waasisi wa kanisa lake walivyojikweza.

Kwa walokole mambo ni mengine kabisa, na nadhani ni magumu zaidi. Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu lililowazaa, ulijengwa juu ya ushuhuda wa mtu binafsi na "kutembea nuruni", yaani kuungama hadharani. Mwaka 1941 wanafunzi 26, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa katika Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, baada ya kukaidi amri za chuo juu ya ibada zao za alfajiri; wao waliwashutumu walimu kwa teolojia ya kisasa iliyolegeza habari ya dhambi na msalaba. Walipoteza nafasi ya kupewa daraja la ukasisi kwa sababu waliamini kuliko walivyotakiwa. Mahali penye urithi huo hakuna bomba la kujificha: imani ya mhubiri ndiyo huduma yenyewe. Lakini urithi uo huo una kasoro. Mkutano wa walokole unajua kumpokea anayeungama wizi na uzinzi, tena kwa wimbo, ila anayeungama kwamba haamini hana mahali katika utaratibu huo. Nuru inayokubali dhambi zote isipokuwa moja inafundisha watu kuificha hiyo moja.

Kwa hiyo uamuzi wangu hauko katikati kama ambavyo pengine ungetarajiwa. Aliyekwisha kukana anapaswa kuiacha mimbari, na kuiacha mapema, hata kama ataendelea kusimamia shule au zahanati ya kanisa, kazi zisizomtaka aseme "nasadiki". Lakini askofu anayetaka ukweli huo autolee gharama: nyumba ya muda kwa familia, karo ya watoto hadi mwisho wa mwaka, mafunzo ya kazi nyingine, na faragha. Dayosisi isiyotoa lolote kati ya hayo inanunua uongo kila Jumapili, na bei yake inalipwa na waumini.

Jamii nayo ina lake. Katika Kanisa Katoliki, padri anayeruhusiwa na Roma kuacha utumishi hafutiwi upadri wake. Kanuni ya 976 inasema kwamba padri yeyote, hata asiye na ruhusa ya kuungamisha, anaweza kumwondolea dhambi mtu aliye katika hatari ya kufa. Ikiwa sheria yenyewe imeuacha mlango huo wazi, ni vigumu kueleza kwa nini watu wa parokia aliyoitumikia wasimkaribishe hata kwenye matanga.